Malimi Ametufunga, na Yuko Mlangoni Kwangu

"Huyo asikanyage hapa!" Odeta rafiki yangu, anayefoka hapa mlangoni sasa hivi ni jirani yangu Kahigwa, nami namjibu, "Kwani nyumba ni yako?" Mtaa mzima umetoka kusikiliza.

Anayezuiwa ni Malimi. Malimi wetu! Mshambuliaji aliyekula kwangu miaka yote, mpaka shirika lenye timu likamhamishia kazi Tabora mwezi jana. Leo kaja na timu ya huko, katufunga mawili. Mawili, Odeta!

Uwanja mzima tulijua atazuga kulia apige kushoto. Tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka, "Kushoto! Kushoto!" Lakini mabeki wetu wote wamehamishwa, hawa wapya wanamjua wapi?

Kahigwa anasema, "Tukishuka daraja, mchawi wetu ni huyu." Malimi anamwambia taratibu, "Shikamoo mzee. Kwani mimi niliomba kuhama?"

Na Ponsian, golikipa, keshaambiwa anakwenda Moshi. Tumlilie nani, Odeta? Timu tunaiita yetu, wachezaji wanaondoka tunaangalia.

Unga wa duka la ushirika ni kidogo, samaki ni sato mmoja tu. Nimewaambia, "Malimi, ingia. Na wewe Kahigwa, acha kelele, nawa mikono tule."