Mama Mkwe Wodini

Jumatatu, 3 Machi
Kidonge baada ya chai. Wiki ya tano sasa. Suruali imeanza kunikaa. Gereji, pale Mkolani, wananitania eti nakula kwa kujificha. Wangejua! Kuwa nina virusi vya UKIMWI anajua mke wangu Neema tu. Kichwa kinagonga.

Jumamosi, 8 Machi
Kichwa hakiachi. Naona vitu viwili viwili. Spana imeniponyoka mbele ya mteja. Nimesema malaria. Muongo mkubwa mimi.

Jumatano, 12 Machi
Wodini. Jana nilianguka kifafa gereji, nikajikojolea, wote wanaangalia. Mkono wa kulia hauna nguvu. Naandika kwa kushoto, mwandiko wa chekechea. Wamenipiga picha ya kichwa. Daktari anasema vidonge vimeamsha kinga ya mwili, nayo imeishambulia TB iliyokuwa imejificha kwenye ubongo. Ndiyo maana ubongo umevimba. Kanianzishia dawa za TB na za kupunguza uvimbe. Za virusi nisiache, nikiacha nitakufa. Mimi najua kitu kimoja: kabla ya vile vidonge nilikuwa nafunga injini. Sivitaki.

Ijumaa, 14 Machi
Neema yuko na watoto. Mama yake amekuja kutoka Busisi kuniuguza. Mama mkwe! Sisi Wasukuma hatupeani hata mkono. Tukikutana njiani, mmoja anapisha. Anakaa amenipa mgongo. "Umeamkaje, baba?" anauliza ukuta. Na yeye sasa anajua ninachoumwa. Kidonge cha virusi nakificha chini ya ulimi, kisha nakitema ndani ya foronya.

Jumapili, 16 Machi
Nimechafua kitanda. Nesi mmoja, wodi nzima. Mama mkwe akainuka, akanivua, akanisafisha kote. Nimelia. Nilitamani kufa, kweli. Alipobadilisha foronya, vidonge vikadondoka sakafuni. Akaviokota kimoja kimoja. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 17 Machi
Hajamwambia Neema. Asubuhi aligeuza kiti akanitazama usoni. Tangu nimuoe binti yake hajawahi.
"Ukwe nimeuacha Busisi. Meza, baba."
Nikameza. Akasema nifungue kinywa. Mwanaume mzima, baba wa watoto wawili, nikafungua. Akachungulia mpaka chini ya ulimi. Kisha akachukua kikombe, akaanza kunipozea uji.