Nani Atamtwisha Mama Mkubwa?

Jumapili. Joto la Tabora leo halina adabu. Mawingu yamekusanyika tangu asubuhi, kisha yakatawanyika kama watu walioitwa kikao kisicho na chai. Nimejifungia chumbani, sitaki kuonana na mtu.

Naona aibu.

Mnaonisoma humu bloguni mnajua nilivyojisifu kuhusu riwaya yangu. Ni ya kisayansi: watu wa Tabora ya miaka ijayo wanavaa miwani ya uhalisia pepe, wanaingia kwenye njia ya zamani ya misafara, na humo wanaikuta mizimu ya wapagazi wa Kinyamwezi bado inatembea na mizigo yake. Majuzi tu niliandika hapa kwamba visasili vya mababu ni mali iliyolala, inamngoja mwandishi jasiri aiamshe. Jasiri, eti! Nikiusoma mstari ule natamani kuingia chini ya kitanda.

Moyo wa riwaya niliutoa nyumbani. Mama yangu ni pacha. Mwenzake, Mama Mkubwa, alifariki wakiwa bado wasichana, huko kwao Puge. Katika ukoo wa mama, pacha akifa haliliwi, wala hasemwi kwamba amekufa. Husemwa amejitwika mzigo, ametangulia safari. Na kuna mwiko: usimwite kwa nyuma. Ukimwita atageuka, akigeuka atatua mzigo, na huko njiani hakuna wa kumtwisha tena.

Mimi nikaandika sura ambayo pacha aliyebaki anamwita mwenzake ndani ya miwani, naye anarudi. Mchapishaji aliipenda kuliko zote.

Sasa, mama amefundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu. Ni mtu wa kuwacheka waganga hadharani. Jirani akilalamika kwamba bundi amelia juu ya paa lake, mama humwuliza kama alitaka aimbe kwaya. Nikajiambia kwamba mwiko ule kwake ni hadithi tu, kama ulivyo kwangu.

Sikumwuliza.

Rafiki yangu Rehema, anayetengeneza michezo ya kompyuta, aliigeuza sura ile kuwa mahali ambapo mtu anavaa miwani na kutembea ndani yake. Ili pacha wa humo apate uso, nikachukua picha pekee ya Mama Mkubwa iliyo sandukuni kwa mama, nikaipiga kwa simu bila kumwomba ruhusa. Sauti ya kumwita ni yangu mwenyewe. Jumatano nikamvalisha mama miwani pale sebuleni, nikasimama pembeni nachekelea, nangoja kusifiwa.

Mwanzoni alifurahi. "Hee, vumbi hili kama la kwetu!" Kisha sauti yangu ikaita. Msichana aliyekuwa mbele akasimama, akatua mzigo, akageuka.

Mama akaivua miwani taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Umemgeuza, baba," akasema. "Sasa nani atamtwisha?"

Hakugomba. Angegomba ningepona. Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, basi. Chakula anapika, utani hakuna. Juzi nilimkuta jikoni anatazama mlango huku maharage yanaungua. Nikajaribu kumweleza kwamba ile ni picha tu, ni hesabu za kompyuta.

"Najua ni picha," akasema mwalimu wa sayansi. "Usinifundishe. Miaka yote hii nilikuwa nikimfikiria yuko mbali, anatembea. Sasa nikifumba macho namwona amekwama."

Nilikuwa nimetumia miezi mingi kuipamba njia ile ya misafara, nikidhani haina mtu.

Leo baada ya kanisa Rehema amekuja na toleo jingine la sura ile. Nilimsihi mno alitengeneze. Mama alikataa, kisha akanyoosha mkono apewe miwani. Akashika vishikizo vya mikononi, vya kumwezesha mtu kubeba vitu vya humo ndani. Humo ndani Mama Mkubwa alikuwa bado amesimama, mzigo uko chini.

Mama akainama. Sebuleni hakukuwa na kitu, lakini nilimwona akiinua, goti likimsumbua, mikono ikipanda polepole mpaka usawa wa kichwa cha msichana mfupi kuliko yeye. Akaushikilia mzigo pale juu mpaka ukatulia.

"Haya," akasema. "Tangulia."

Mikono yake ilibaki hewani muda mrefu. Hakulia. Aliyelia ni Rehema.

Na mimi? Mungu anisamehe, nilikuwa napapasa mfukoni kutafuta kalamu. Nilikuwa nawaza: hii ndiyo sura ya mwisho, hii hapa, nisiipoteze. Mama mzima anaagana na pacha wake, na mimi mwanawe natafuta kalamu.

Alipovua miwani aliiona kalamu mkononi mwangu. Nilitaka kuificha, nikachelewa.

"Andika," akasema. Akajifuta jasho kwa pindo la kitenge. "Ila mwache aende."

Kisha akaniuliza kama nimekula, kwa sauti yake ile ya zamani ya kunisuta, na hapo ndipo nilipokuja kujifungia humu.

Mchapishaji anataka pacha yule arudi. Kesho nitamwandikia kwamba harudi.