Namba 215 na Mstari Ulioukosea, Lusajo

Mbeya, Jumapili

Lusajo, mdogo wangu,

Sanduku lako limefika. Wewe umebaki Uingereza, kichomi kimekumaliza, na sisi tumekaa matanga bila maiti. Mama alitoa koti lako akalivaa kutwa. Mimi nilichukua madaftari yako matatu.

Nakwambia ukweli kwa kuwa sasa huwezi kunikatiza. Nimekuonea wivu tangu baba aliponitoa shule darasa la sita nikamsaidie kwenye kahawa, wewe ukapelekwa Iringa kusoma. Barua ya kukuita Uingereza ilipita mikononi mwangu. Niliificha siku tatu. Hukujua. Siku ya safari, pale stendi, ulisema, "Kaka, nitakuandikia kila kitu." Nikakujibu, "Mwandikie mama. Mimi nina kazi."

Ukanitii. Mjinga wewe, ukanitii.

Mwezi uliopita ikaja barua ya Peter, yule rafiki yako mliyefanya naye kazi kwenye mashine ya hesabu inayojaza chumba kizima. Anakuita "ndugu yangu". Nilipofika hapo nilitaka kuichana. Anasema hesabu zenu za daraja zimekwama. Mashine inasimama katikati, na taa zake zinaonyesha namba 215, ndiyo amri iliyoishinda. Mistari ya hesabu uliyoiandika anayo. Asichojua ni kwamba 215 imetoka mstari upi, maana aliyeigeuza mistari kuwa amri za mashine ni wewe, na namba zake ziko kwenye daftari lako la daraja.

Barua niliitia kwenye droo yangu ya ukarani, ofisini kwa ushirika wa kahawa. Wiki mbili. Mama akauliza, "Yule Mzungu anataka nini?" Nikasema, "Anatoa pole."

Alasiri moja nililifungua daftari hilo kutafuta jina langu. Halimo. La Peter limo mara nne.

Ndipo nikaona ulivyopanga. Kushoto namba, kulia mistari. Mstari wa kwanza unaanzia 100, wa pili 104, wa tatu 105. Kumbe mstari mmoja unazaa amri nne, mwingine moja tu, na namba inayoangukia katikati ni ya mstari ulioanza kabla yake. Nilielewa, Lusajo! Mimi, wa darasa la sita, bila mwalimu. Mstari wa 37 ulianzia 209, wa 38 ukaanzia 214, wa 39 ukaanzia 218. Basi 215 ni ya mstari wa 38. Nikaanza kupiga jibu kwa taipureta.

Nilipogeuza ukurasa nyuma ili nihakikishe, nikakuta maneno yako ya penseli kando ya mstari wa 20. Kinyakyusa. Umeandika kwamba hapo umechomeka amri tatu zaidi na hukupata nafasi ya kuandika namba upya, kwa hiyo kuanzia hapo kwenda chini, kila namba iongezwe tatu. Nikaongeza. Wa 37 sasa unaanzia 212, wa 38 unaanzia 217. Kumbe 215 imo ndani ya 37. Ningempotosha.

Nilicheka peke yangu mpaka mhudumu wa ofisi akachungulia. Peter angelikodolea macho daftari lile mwaka mzima asijue umesema nini. Palikuwa na kitu chako ambacho yeye hakifikii na mimi nakifikia. Nilifurahi vibaya, tena sana. Halafu nikalia.

Jana amejibu. Mstari wa 37 uliiambia mashine igawanye kwa urefu wa boriti, na boriti moja mliiandikia urefu sifuri. Amesahihisha, hesabu zimefika mwisho. Kazi itatoka na jina lako mbele ya lake. Langu hakulitaja. Imeniuma, sikufichi.

Nimemweleza mama yote, hata zile siku tatu. Akasema, "Na yeye alikuwa anakuogopa." Sikulijua hilo. Kwa nini hukuniambia?

Peter anaomba madaftari yote matatu. Simpi. Lakini kila neno lako la penseli nitalitafsiri, nilipige taipu, nimpelekee, mpaka ukurasa wa mwisho. Hiyo ni ahadi yangu kwako. Na chini ya kila karatasi nitaandika kwa herufi kubwa ni nani aliyekusoma.

Pumzika, mdogo wangu.

Kaka yako,
Ambakisye