Skrubu ya Mbele

Tamarack Creek, Idaho
14 Septemba 1986

Mwanangu Twyla,

Hamjambo huko Boise? Mumeo Galen na mgongo wake? Mimi mzima, ila bega. Tangu gogo liliponiangukia siwezi tena kuegemeza bunduki, ndiyo maana bastola ya kuwindia uliyonitengenezea na kuifungia darubini karakanani kwako naichunga kama yai.

Lakini kuna kitu hakiniingii akilini. Nimeweka mifuko ya mchanga juu ya meza, karatasi ya shabaha umbali wa yadi mia moja, kama ulivyonielekeza. Risasi tatu za kwanza zilikaa pamoja, katikati kabisa. Tatu zilizofuata zikakaa pamoja pia, lakini inchi nne kushoto. Nikazungusha kifundo cha darubini kuzirudisha. Zikarudi, kisha zikahamia juu. Zinahama kama kundi la kondoo.

Jirani yangu Dewey alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wangu akila biskuti zangu zote, akasema, "Verlin, hiyo darubini imelewa." Nikamwambia darubini imefungwa na binti yangu, na binti yangu halewi kazini.

Msimu wa kulungu unaanza tarehe kumi Oktoba. Niambie nifanye nini.

Baba yako

Boise
22 Septemba 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Galen ameshaanza kunyanyua vitu.

Bastola haina kasoro. Kabla sijaituma nilipiga risasi tatu, na ungezifunika zote kwa sarafu moja. Hakikisha mifuko inashika mbao ya mbele, siyo mtutu. Nyoosha mikono, usiilete darubini karibu na uso, maana bastola hiyo ina teke. Usivute kifyatulio kwa pupa.

Na kama ukifanya yote hayo bado zinahama, Baba, usikasirike, ni macho. Una miaka sabini na moja. Nina wasiwasi. Bonde lile halina simu, barabara inafungwa na theluji miezi mitatu. Galen amemaliza chumba cha nyuma, ameweka na jiko dogo la kuni kwa sababu anakujua. Nimelisema hili mara ngapi? Tafadhali mwaka huu usiwinde. Njoo.

Binti yako,
Twyla

Tamarack Creek
1 Oktoba 1986

Twyla,

Sijambo. Natumaini nanyi pia.

Macho yangu yanamwona mwewe akiwa ng'ambo ya bonde, na yanaona vizuri kabisa mtu anapotafuta sababu. Chumba chako mpe mpangaji.

Nimeirudisha darubini katikati. Nitawinda.

Baba

Tamarack Creek
27 Oktoba 1986

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi si mzima sana, ingawa siumwi.

Tarehe kumi na nane nilimpata jike la kulungu yadi themanini, amesimama ubavu, ametulia anakula. Nimeegemea gogo, mikono imetulia. Msalaba wa darubini uko nyuma ya bega lake, Twyla, naapa ulikuwa hapo. Nikafyatua. Nikasikia risasi inaingia mahali pabaya. Ule mlio unaujua. Tumboni.

Nilimfuata siku hiyo hadi giza, kesho yake tangu asubuhi na Dewey. Damu kidogo hapa, hapana kitu mwendo mrefu, kisha damu tena. Saa tisa alasiri tulimkuta amelala kando ya kijito, hai, ananitazama. Mikono yangu ilikataa. Dewey ndiye aliyemmaliza.

Nimewinda miaka hamsini na tano, sijawahi kumfanyia mnyama hivyo. Ulisema kweli. Mtu asiyejua risasi yake inakwenda wapi asishike silaha, na labda asiendeshe gari pia. Funguo za gari nimempa Dewey. Nyumba nimeitangaza kuuzwa. Bastola inakuja kwa posta, iuze.

Mwambie Galen jiko dogo litanitosha.

Baba yako

Boise
30 Novemba 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Uliposema katika barua yako ya mwisho kwamba watu wa Spokane wanakuja Jumamosi kutia sahihi kuinunua nyumba, nilichukua kalamu hapo hapo.

Macho yako hayana neno.

Bastola ilipofika niliiweka mezani niisafishe kwa ajili ya kuuza. Nikashika darubini, ikacheza. Kidogo tu, unene wa ukucha. Nikafungua. Skrubu ya mbele niliyoweka ilikuwa ndefu mno. Ilifika mwisho wa tundu kabla haijabana kitako, kile chuma kinachobeba darubini. Ukiigusa kwa bisibisi inakaza, unadhani imeshika, kumbe inajikaza yenyewe. Kila teke la bastola lilikisogeza. Risasi zangu tatu hazikutosha kulionyesha hilo.

Na uliniandikia zinahama pamoja! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza karakanani angejua ni skrubu. Macho mabovu hutawanya risasi, hayazihamishi. Nilisoma, nikaona nilichotaka kuona, kwa sababu nilikutaka hapa.

Yule jike ni wangu, Baba. Si wako.

Usiuze nyumba. Kama hutaki kuniona nitaelewa.

Twyla

Tamarack Creek
4 Desemba 1986

Twyla,

Sijambo. Galen nisalimie.

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nimesimama pale kwenye sanduku la posta, kisha nikamsomea Dewey. Akasema, "Nilisema imelewa," akaniwekea funguo mezani, akaondoka. Watu wa Spokane nimewatumia ujumbe wasije.

Sasa sikiliza. Bastola niliituma tarehe ishirini na nane Oktoba. Posta ya kutoka hapa hadi kwako ni siku nne. Barua yako ni ya tarehe thelathini Novemba. Skrubu ni kosa. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga msumeno vibaya, mtu akapoteza kidole. Lakini mwezi mzima nilikuwa nikiamka asubuhi naogopa kumimina kahawa, nikidhani nimekwisha, na wewe ulikuwa unajua kwamba sijaisha.

Sijui la kukwambia kuhusu mwezi huo. Usiniandikie kuhusu huo. Barabara bado iko wazi. Njoo uniambie ukiwa umekaa mbele yangu, nikuone usoni. Naona vizuri.

Baba