Kifyatulio cha Bei Rahisi Kwenye Bunduki ya Shemeji

Bi Ardis mpendwa wa safu ya ushauri, nisaidie, maana nimebeba jambo ambalo hata mke wangu Loretta sijamwambia. Mimi ni fundi matrekta hapahapa Montana, na mwaka jana nilimuundia shemeji yangu Darrell, kaka yake Loretta, bunduki ya kuwindia kulungu, nikanunua mtutu wa hali ya juu na mbao ya mjozi ya kitako niliyoisugua majira yote ya baridi, hela zikaishia hapo, basi kifyatulio nikachukua cha mtumba, cha bei rahisi, nikajisemea kiko ndani, nani atakiona. Karakanani kwangu kilijiachia chenyewe mara mbili nilipofunga komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, bunduki ikiwa tupu, nikakaza skrubu, nikanyamaza. Novemba tukiwa mlimani Darrell akaketi juu ya gogo, akaweka risasi, akafunga komeo, ikalia yenyewe, risasi ikampata mguuni. Wamemkata mguu chini ya goti. Ng'ombe wake wameuzwa, hawezi tena kupanda farasi. Na anajilaumu mwenyewe: "Kidole changu cha kijinga, shemeji. Usinitazame hivyo, bunduki yako haina kasoro." Jumapili akasema, "Binti yangu Wanda ataanza kuwinda mwezi ujao. Nampa ile bunduki yako." Nikaitikia, "Sawa." Bi Ardis, silali. Je, niiazime nibadilishe kifyatulio kimyakimya?

JIBU

Hapana. Nakuhurumia, lakini hapana. Kubana matumizi si dhambi. Ungepunguza urembo wa mbao, bunduki ingepiga vilevile. Wewe ulipunguza pale panaposhika uhai wa mtu, ukaonywa mara mbili, ukafunga mdomo. Sasa unataka kumwokoa binti na kumwacha baba yake ajichukie hadi kaburini?

Nenda kwa Darrell, ukiwa na Loretta. Kabla hujakaa, chomoa komeo la ile bunduki, litie mfukoni. Kisha sema yote, hasa zile mara mbili. Usilie, usimwombe akufariji. Bunduki ifunguliwe na fundi bunduki, Darrell akishuhudia. Pengine atakufukuza. Pengine Loretta hatarudi nawe nyumbani. Sina ahadi ya kukupa.

Jibu hili nakutumia kwa posta Jumatatu. Gazeti lenye barua yako linatoka Alhamisi. Majina nimeyabadilisha, lakini huyo niliyemwita Darrell ataijua habari yake. Asiisome kabla hajaisikia kinywani mwako.