Kiraka Kisicho na Mshono

Dada yangu,

Huku hatujambo, ila cherehani imelala na mama hanyamazi. Kile kidonda chake cha mguuni kiligoma kupona hadi daktari akataja kukata mguu. Sasa wamekibandika utando mwembamba ushike kama ngozi. Unamjua mama, fundi wetu wa nguo, akamfokea muuguzi, “Kiraka gani hiki hakina hata mshono?”

Lakini kimeanza kufunga pembeni.

Juzi akauliza utando umetoka wapi. Muuguzi akamweleza kuwa ni wa ule mfuko anamokaa mtoto tumboni. Kuna mwanamke alikubali kuutoa alipojifungua. Mama akauliza, “Na mtoto wake, mzima?” Muuguzi hakujua.

Najua mama alivyokufukuza na hilo tumbo lako, na jina lako halitajwi humu ndani. Ila leo asubuhi nimemkuta kwenye cherehani, anakanyaga kwa mguu mmoja, kitambaa cheupe mkononi. Bila kuniangalia akasema, “Muulize dada yako tumbo lina miezi mingapi. Nisije nikachelewa.”

Nijibu upesi, keshakata kitambaa.

Mdogo wako