Miti Miwili ya Ingobyi ya Mama

Baba,

Shikamoo. Nimeandika salamu kabla sijakumbuka kwamba hakuna atakayeitikia. Ndivyo nilivyo tangu utuache, mkono unafanya mambo huku akili imebaki nyuma.

Baba, mgonjwa alikuwa Mama. Miguu iliyokataa ni ya Mama, na kila ukoo ulipokutana hapa Murukulazo tulimzungumzia yeye, kwa sauti ya chini asisikie. Hata lile shuka jeupe la sandukuni tulilinunua tukimfikiria yeye. Wewe ulikuwa unakwenda shambani unapiga mluzi. Halafu tukakufunika wewe. Watu wananiambia nikubali, nami nakubali kwa mdomo tu.

Siku ile mti mmoja wa ingobyi ulikuwa umepasuka na mwenzake umechakaa, na bila machela hiyo Mama hafiki barabarani kwenda kliniki. Ulikuwa umekata mikaratusi mitatu ukaikausha jikoni, ukaanza kuipima uani kama kawaida yako: mti juu ya mabenchi mawili, uzi toka ncha hadi ncha, ndoo ya maji imetundikwa katikati, halafu vidole kati ya uzi na mti kuona umepinda kiasi gani. Jirani yetu Leopoldi, mkuu wa wabebaji, akakutania kwamba unapima miti kuliko katekista anavyopima watoto wa kipaimara. Ukamjibu, "Mmoja ukiwa mgumu na mwenzake laini, mgonjwa anabingirika. Mke wangu si mkungu wa ndizi." Tukacheka, Leopoldi akaenda zake, nami nikaingia ndani kuchukua chumvi. Niliporudi ulikuwa umelala chini, ndoo bado inaning'inia, maji hayajamwagika.

Nilidhani unautazama mti kwa chini. Nikakuuliza kama na huo ni laini. Baba, nilikuuliza, nikasimama pale nangoja unijibu.

Baada ya maziko siku ya kliniki ikakaribia. Leopoldi akasema tufunge miti yoyote, mradi iwe minene. Mama akasema hapandi kitu ambacho mume wake hakukimaliza, afadhali afie kitandani. Alisema hivyo macho makavu. Tangu uondoke hakuwa amelia hata kidogo, alikuwa akitazama ukuta tu, na mimi niliyaogopa macho yale kuliko ile miguu. Niliona kabisa anakufuata.

Basi nikatoa mabenchi. Leopoldi akanishikia uzi, safari hii bila utani. Katika ile mitatu, miwili minene haikulingana, mmoja ulipinda na mwingine ukakaa vilevile kama hauna ndoo. Ule wa tatu, mwembamba, niliodhani utaishia kuwa kuni, ukapinda sawasawa na ule wa kwanza. Sikuamini vidole vyangu, nikaigeuza miti nikarudia, majibu yakawa yaleyale. Mama alikuwa ametolewa nje kwenye mkeka, ananitazama muda wote. Aliinua mkono tu, kuonyesha kwamba tuifunge.

Tulimbeba asubuhi. Kwenye mteremko wa mawe alilala katikati kabisa, hakuegemea upande wowote. Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti kubwa, akikuita kwa jina lako la ubatizo. Wabebaji wakasimama, Leopoldi akamuuliza kama tumshushe.

"Msinishushe," akasema. "Nendeni."

Tukaenda, yeye analia, na mimi nyuma yake nalia kwa mara ya kwanza.

Amepewa dawa, na ametakiwa kurudi mwezi ujao. Nitampeleka, Baba. Sitamlaza juu ya miti ambayo sijaipima, hata wanicheke njia nzima. Asubuhi bado nashtuka nikikuta jembe lako liko nyumbani, wala sijui nitaacha lini kushtuka.

Kwa heri, Baba. Usimngoje Mama upesi.

Binti yako,
Adela